Bibi anataka tarumbeta, baba mdogo anataka kimya

Swali: "Shikamoo Baba Mchungaji. Bibi yetu mzaa baba ana miaka 93, yuko Tukuyu. Akili zake ni timamu ila mwili umechoka. Alifundisha shule ya Jumapili miaka mingi katika ushirika wetu wa Moravian. Mwezi uliopita alituita wajukuu akatuambia kwamba siku akiitwa hataki nguo nyeusi, hataki mtu alie, anataka vitenge vya rangi, tarumbeta, na watoto wa shule ya Jumapili wakae mbele. Baba mdogo, ambaye ndiye anaishi naye, amekataa katakata. Anasema huo ni uzungu, na watu watasema tumefurahi mama kufa ili tugawane shamba la chai. Wazee wa kanisa wako tayari kusaidia. Je, jambo hili linafaa? Na kama linafaa, kanisa lishike wapi na familia ishike wapi?" (Mjukuu, Mbeya mjini)

Marahaba, mwanangu. Bibi mfikishie shikamoo yangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimsikia bibi, nikacheka peke yangu barazani. Mara ya pili nilimsikia baba yako mdogo, na huyo ndiye nitakayeanza naye, maana umeandika kana kwamba yeye ndiye jiwe njiani, wakati yeye ndiye atakayebaki na msiba huo ninyi wote mkishapanda gari. Wewe utakuja Ijumaa na Coaster, Jumapili jioni umerudi mjini. Yeye atakuwa pale pale. Atakutana na majirani kwenye kituo cha kupimia chai, dukani, kanisani, na kila mmoja atakuwa anakumbuka uso wake ulikuwaje siku ya mazishi. Kwetu chozi la mfiwa ni kama sahihi yake kwenye daftari. Ukimwambia mtoto asilie msiba wa mama yake, umemwambia asitie sahihi. Ukiongeza na shamba la chai hapo juu, hata mimi ningekataa.

Ngoja nikusimulie kosa langu mwenyewe, nililolifanya nikiwa na miaka michache tu ya uchungaji. Alifariki mzee wa kanisa mmoja, umri umepita 85, mtu aliyeishi vizuri na kufa akiwa ameagana na kila mtu. Nikaona huu ndio msiba wa kuonyesha imani. Asubuhi, kabla mwili haujatolewa ndani, nikasimama mlangoni nikatangaza: leo hakuna kulia, leo tunamsindikiza shujaa. Binti yake, aliyemuuguza miaka sita, alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na jeneza na alikuwa ndiyo kwanza ameanza kulia kwa sauti. Aliponisikia akanyamaza. Akachukua upindo wa kanga akaujaza mdomoni, akakaa hivyo mpaka ibada inakwisha. Mazishi yale yalisifiwa sana. Kwaya tatu, watu wamecheza, wamekula, wamenipongeza. Wiki tatu baadaye mume wake akaja kwangu jioni, akakaa muda bila kusema kitu, kisha akaniambia kwamba mama watoto anaamka usiku, anakwenda kulia bandani kwa ng'ombe, ili mchungaji asije akasikia kwamba hana imani.

Tangu jioni ile sijamkataza mfiwa kulia, na mshereheshaji akilisema neno hilo mbele yangu namvuta pembeni.

Maandiko nayo yako upande wa yule binti. Pale Bethania Yesu alikwenda kaburini akijua kabisa kwamba Lazaro atatoka muda si mrefu, na bado alilia, hadharani, mpaka watu wakaanza kusemezana. Paulo alipowaandikia Wathesalonike hakuwakataza kuhuzunika. Alisema wasihuzunike kama wale wasio na matumaini, na wengi wetu tukiushika mstari huo kwenye spika tunaukata katikati.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, linafaa, ila ombi la bibi lina vipande viwili. Vitenge, tarumbeta na watoto mbele ni mambo yake mwenyewe, mpeni. "Msilie" ni amri juu ya macho ya watu wengine, na hiyo hana mamlaka nayo hata akiwa na miaka 93. Ningependa mmwambie hivyo angali hai, na wewe ndiye wa kumwambia kwa sababu mjukuu ni mtani: bibi, tarumbeta utapata, lakini baba mdogo atalia, na wewe hutakuwepo kumzuia. Nadhani atacheka.

Hili la uzungu nalo nataka kulimaliza mapema. Miaka ya 1930 wataalamu wawili wa mila, mtu na mkewe, Godfrey na Monica Wilson, waliishi huko huko Rungwe na kuandika kwa kirefu habari za maziko ya Wanyakyusa. Walichokiona hakikuwa kimya. Wanawake walilia, na papo hapo wanaume walicheza kwa mikuki na ngoma, jasho linatiririka, vumbi juu, vijana wakitaniana pembeni. Walipouliza kwa nini watu wanacheza mtu akiwa amekufa, wakaambiwa kwamba kucheza huko ndiko kuomboleza kwenyewe, kwa sababu ndani ya mioyo kuna vita. Kilio na ngoma vilikaa uwanja mmoja na hakuna aliyeona vinagombana. Ni Wakristo wa kwanza, waliofundishwa na wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891, ndio waliojitenga na ngoma ile na kusimama na nyimbo zao za vitabuni. Hivyo basi mazishi ya suti nyeusi na midomo iliyofungwa, anayoyatetea baba mdogo kama mila, yana umri mdogo kuliko mti wa mwembe wa babu yake. Usimwambie kwa maneno hayo. Mwulize tu kama aliwahi kusikia babu yake alizikwaje, umwache aeleze mwenyewe.

Na hao Wamoravian wenyewe walikotoka, kule Herrnhut, Ujerumani, hawakuwa watu wa msiba wa giza. Alfajiri ya Pasaka ya mwaka 1732 vijana wao walipanda kilimani kwenye makaburi yao wakaimba jua likichomoza, na ndiyo sababu mpaka leo Mmoravian akiamka kabla ya jogoo siku ya Pasaka anaelekea makaburini na tarumbeta. Mtu wao alipofariki, vyombo vya upepo ndivyo vilivyotangaza. Kule Bethlehem, Marekani, walikuwa na utaratibu wa kupiga nyimbo tatu kutoka juu ya jengo, na ule wa katikati ulikujulisha aliyefariki ni wa kundi gani, mwenye ndoa, kijana, au mjane, kabla hujatajiwa jina. Fikiria unalima, unasikia wimbo wa pili, unaweka jembe chini. Bibi yako anapoomba tarumbeta haombi sherehe ya harusi. Anaomba kutangazwa kama watu wa kanisa lake walivyotangazwa karibu miaka mia tatu sasa.

Baba mdogo akikutajia Wakatoliki, mkumbushe kwamba hata kwao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wao, mwaka 1963, uliagiza ibada ya mazishi ionyeshe wazi zaidi sura ya Pasaka katika kifo cha Mkristo, ifuate mila za mahali, na hata rangi ya mavazi iangaliwe upya. Basi hapo sisi sote tuko mtumbwi mmoja.

Sasa tuje kwenye kazi, maana hapa ndipo misiba mingi ya furaha inapoharibikia. Watu hudhani furaha inaletwa na kwaya. Kwa niliyoyaona miaka yote hii, furaha inaanzia jikoni, kwa sababu mfiwa anayejua kwamba kuni zipo, maji yapo, wageni wa kutoka Kyela wana pa kulala na daftari la rambirambi liko mikononi mwa mtu mwaminifu, huyo ana nafasi ya kulia mpaka aishe, na mtu aliyelia mpaka akaisha ndiye anayeweza kuja kuimba. Yule anayezunguka na funguo za stoo akiulizwa sukari iko wapi hatalia wala hataimba. Atakuja kuanguka baada ya wiki mbili, watu wakiwa wametawanyika.

Kwa hiyo gawanyeni hivi. Familia ishike vitu vitatu tu: mwili, wasifu, na kukaa na wageni. Mengine yote yawe ya kanisa na chama cha kufa na kuzikana. Idara ya wanawake ishike jiko lote, na nasema lote, pamoja na kununua. Vijana washike kaburi, turubai, viti na gari. Wazee wa kanisa washike fedha. Mshereheshaji atoke kanisani, awe mtu aliyemjua bibi, na asiwe yule anayelipwa kwenye kumbi za harusi, maana huyo ataona kimya cha dakika mbili ni hasara na kukijaza kwa utani wake.

Turubai agizeni mawili, hata kama ni Agosti. Unaijua mvua ya Rungwe.

Kuhusu jiko nikupe mfano mmoja, nisije nikaonekana nahubiri tu. Miaka kadhaa iliyopita tulimzika mama mmoja aliyekuwa mtunza vyombo wa kanisa. Usiku wa kuamkia mazishi nilipita jikoni saa tisa hivi kuomba chai. Akina mama kama kumi na wawili walikuwa wamekaa kwenye mikeka kuzunguka taa, wanachagua mchele wa Kyela kwenye ungo, wanaimba chini chini. Kisha mmoja akaacha kuimba akasema, jamani, huyu mama asubuhi ataamka kuhesabu vijiko. Kicheko kilichotoka pale kiliamsha wanaume nje. Marehemu, kumbe, baada ya kila sherehe alikuwa akihesabu vijiko vya kanisa, na mwaka mmoja alimfuata mshirika mpaka nyumbani kwake kwa sababu ya kijiko kimoja. Wakaanza kusimuliana kila mtu na chake: aliyekemewa kwa kuacha sufuria na masizi, aliyerudishwa barabarani na sahani ya watu. Mwisho wakawa wanacheka na machozi yanawatoka, na ungo hausimami.

Kesho yake nikamwomba yule wa kijiko aseme hadithi ile kanisani, dakika mbili, baada ya wasifu. Akasimama. Alipofika mwisho akaingiza mkono kwenye pochi akatoa kijiko, akakiinua juu, akasema, mama, nimekileta. Kanisa zima lililipuka. Binti wa marehemu, kwenye benchi la mbele, alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, mkono kifuani, na hakuna aliyekuwa amemwambia afanye lipi kati ya hayo mawili.

Hapo umeuona wasifu unavyofanya kazi. Wasifu wetu wa kawaida ni mkavu: marehemu alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, ameacha watoto saba, wajukuu thelathini na mmoja, vitukuu kumi na tisa, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Huo ni cheti. Wamoravian wa zamani walikuwa na desturi bora kuliko hiyo. Tangu karne ya 18 mshirika aliandika mwenyewe habari za maisha yake, na imani yake, na mashaka yake, zije kusomwa siku ya mazishi yake, na maelfu ya wasifu hizo bado zimehifadhiwa kwenye nyaraka zao Herrnhut. Marehemu anasema mwenyewe, kwa maneno yake, mbele ya jeneza lake. Kama ana jambo la kuomba msamaha, analiomba hapo. Bibi yako alikuwa mwalimu, ana akili timamu, na ana wajukuu wenye simu za kurekodi. Sielewi mnangoja nini.

Na kama kitabu cha maandiko ya kila siku kipo nyumbani, kile ambacho Wamoravian wamekuwa wakikichapa kila mwaka tangu 1731, weka alama andiko la siku atakayoitwa, lisomwe kaburini. Sijapata kuona andiko la siku likakosa la kusema kwa wafiwa, ingawa mara moja lilikuwa ni habari za kondoo na mbuzi na ikanilazimu nifikiri sana.

Siku yenyewe ipangeni hivi. Kuaga mwili kufanyike nyumbani asubuhi mapema, familia peke yake, mlango umefungwa, nusu saa nzima bila kwaya na bila mpiga picha. Hiyo ndiyo saa ya baba mdogo. Alie atakavyo, aongee na mama yake, aguse mkono. Mwambie mapema kwamba saa hiyo ipo na kwamba hakuna mtu atakayeingia kumwinua. Baada ya hapo jeneza lifungwe na lisifunguliwe tena. Najua hapa nitapingwa, maana tumezoea foleni ya watu mia nne kupita mbele ya jeneza kanisani, lakini foleni hiyo inakula saa moja na nusu, na kila anayefika anaanza kilio upya kwa wafiwa waliokwisha kutulia. Wekeni picha kubwa ya bibi mbele. Wanaotaka kuaga wapite hapo.

Tarumbeta zipige kutoka nyumbani mpaka kanisani, nyimbo za polepole. Vitenge vitavaliwa, ila msishone sare mpya kwa mkopo. Kila mtu aje na kitenge chake kizuri alichonacho, na itapendeza zaidi kuliko sare kwa sababu uwanja utakuwa na rangi zote. Fulana zenye picha ya marehemu sizipendi, na hilo ni langu binafsi. Wiki mbili baadaye unaikuta picha ya bibi shambani, mgongoni mwa mtu anayepulizia nyanya dawa. Baba mdogo akitaka suti nyeusi, avae suti nyeusi. Atakaa katikati ya rangi zote hizo kama mtu mwenye huzuni katikati ya watu wanaomshika, na hapatakuwa na kosa lolote.

Watoto wa shule ya Jumapili wakae mbele kama alivyotaka, upande wa pili wa wafiwa. Kabla ya siku hiyo mwalimu wao aongee nao. Waelezwe ndani ya sanduku kuna nani, na kwamba watu wazima wengine watalia, na si dhambi. Wapeni wimbo mmoja ambao bibi aliwafundisha wazazi wao, na mtaona watu wazima wenyewe watauingilia kuanzia mstari wa pili.

Salamu ziwe tatu: familia, kanisa, serikali ya kijiji, dakika tatu tatu. Kama ni mwaka wa uchaguzi mzee wa kanisa mmoja akae na kipaza sauti na asikiachie. Mahubiri yawe mafupi na yawe ya ufufuo. Wakatoliki wana kanuni inayokataza mahubiri ya misa ya mazishi yasigeuzwe kuwa sifa za marehemu, nami nimeiiba kanuni hiyo zamani. Sifa mahali pake ni wasifu, na pale wanaosifu ni waliomjua.

Kaburini ndipo mtakapogeuza. Jeneza likishuka, kuwe na kimya mpaka familia imalize kutupa udongo wake. Kisha vijana wachukue machepe, na chepe la kwanza kushika kasi ndiyo ishara kwa wapiga tarumbeta. Hapo ndipo pa kupiga ile ya Pasaka, "Mfurahini, Haleluya". Maneno yake aliyaandika mwaka 1966 mchungaji wa Kilutheri wa hapa kwetu, Bernard Kyamanywa, kwa mahadhi ya hapa hapa Tanzania, na leo Wajerumani wanayo kwenye kitabu chao cha nyimbo kwa lugha yao, namba 116. Baba mdogo akisema tena uzungu, mwambie hiyo moja ilisafiri kinyume. Inaimbwa kwa kupokezana, kwa hiyo hata asiye na kitabu anaingia, na kazi ya machepe inaenda nayo. Nimeona wazee waliokataa kucheza kanisani wakianza kutikisa mabega pale, koleo mkononi, udongo unapanda. Kama mguu wa baba mdogo utasogea, utasogea hapo. Usiposogea, msimtazame.

Fedha. Daftari la rambirambi na michango ya simu viwe kwa mweka hazina ambaye si wa ukoo, wafunge hesabu jioni ile ile mbele ya wazee wawili wa kanisa na wawili wa ukoo. Ng'ombe mmoja anatosha, na ndizi na maharage viko vya kutosha Rungwe kumlisha kila atakayekuja. Mkianza kukopa ili msiba uonekane wa furaha, furaha hiyo atailipa mtu anayebaki pale nyumbani, na tunajua ni nani.

Na shamba la chai lisingoje matanga. Hofu ya baba mdogo haitaondolewa na mahubiri yoyote ya mchungaji. Itaondolewa na bibi mwenyewe akiandikisha wosia sasa, mbele ya mashahidi wa ukoo na wa nje ya ukoo, kila mtoto akijua lipi ni lake. Wosia ukishajulikana kijijini, na kijijini utajulikana tu, hakuna atakayekuwa na la kusema siku ya tarumbeta. Nimeona misiba miwili ya wazee, yote ya vitenge na ngoma. Mmoja watu waliondoka wanaimba, mwingine waliondoka wananong'ona, na tofauti ilikuwa karatasi moja kabatini.

Jambo moja usilichukue kwangu ukalipeleka kusikohusika. Haya ninayasema kwa bibi wa miaka 93 aliyeomba mwenyewe na anayekwenda kwa zamu yake. Akifa mtoto, akifa kijana kwa ajali ya bodaboda, akifa mama na kuacha kichanga, msiagize tarumbeta na msitamke neno sherehe. Siku hizo kazi ya kanisa ni ile ile ya jikoni na machepe, na kukaa kwenye mkeka bila kusema kitu. Rafiki zake Ayubu walikaa chini naye siku saba, usiku na mchana, hakuna aliyesema neno, na ndiyo kazi nzuri pekee waliyoifanya. Walipofungua midomo wakaharibu.

Baada ya kuvunja matanga, idara ya wanawake iwe na orodha ya mwezi mzima: nani anapita kwa baba mdogo Jumatano, nani Jumamosi. Asipelekewe maneno, apelekewe mtindi au ndizi mbili tatu, akae na mtu jioni. Amekaa na mama yake miaka yote hiyo, na saa ambayo alikuwa akimpelekea uji itafika kila siku.

Wewe anza Jumapili hii. Baada ya chakula weka simu kwenye kigoda karibu na bibi, uwashe sehemu ya kurekodi, na usimwulize lolote la kifo. Mwulize nani alikuwa wa kwanza kumfundisha kuimba, na siku hiyo huyo mtu alikuwa amevaa nini. Hakikisha baba mdogo yumo chumbani.